Jani Nzuri, Nzuri ya Nini?

Mihogo ya mama yangu niliing'oa mimi. Naandika hivyo mwanzoni ili muntu asinihurumie bure. Kwetu Kalembe, ukisema shamba limeharibika, watu wanauliza mara moja: askari ao ng'ombe? Wana haki ya kuuliza, maana kila mwaka mumoja wao anapita. Safari hii haikuwa askari, haikuwa ng'ombe. Ilikuwa mimi, na jembe, na mutoto mugongoni, na telefone ndani ya kitenge. Telefone njo iliniambia.

Telefone ilikuwa ya bwana yangu. Aliniachia siku alipokwenda Walikale kuchimba mawe, akasema kule porini hakuna rezo, mutandao haufiki, na wataiiba. Watu wa mbali wanapenda kutufundisha kwamba telefone zao zinatoka katika udongo wetu. Tunajua, musiturudilie. Mimi sina habari ya mawe. Habari yangu ni ya muchezo uliokuwa ndani.

Muchezo uliletwa na agronome, njo bwana shamba wa kwetu, mwanaume mwembamba wa pikipiki, mwenye kuvaa buti za mpira hata wakati wa jua. Alikuja siku ya Mungu, na ibada ilipokwisha akaomba ba mama tubaki kidogo. Tulibaki. Tulifikiri anataka kutuandika majina, maana kila mugeni mwenye karatasi anatuandika majina, kisha haturudii kumuona. Lakini yeye hakutoa karatasi. Alitoa telefone, akaiinua juu, na kwenye kioo kulikuwa jani la muhogo.

"Ba mama, hii ni muchezo," akasema. "Unaangalia jani. Kama iko nzuri, unafinya hapa. Kama iko mugonjwa, unafinya hapa. Ukijibu vizuri unapata nyota."

Mama mumoja wa nyuma akauliza, "Na nyota inapikwa na nini?"

Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Kisha akaeleza, na naomba nimutendee haki: alieleza vizuri. Alisema kuna maswali ya sayansi ambayo muntu mumoja mwenye akili hawezi kuyamaliza, na mashine kubwa peke yake haiwezi pia. Alisema kuna nchi ambako watu wa kawaida, wachezaji tu, walikaa nyumbani wakikunja na kukunjua kwenye kioo kitu kama uzi, uzi ambao mwili wa mikrobi umefumwa nao, mpaka wakapata umbo ambalo wataalamu walikuwa wanalitafuta kwa miaka. Hawakuwa ba docteur. Mashine inahesabu, alisema, lakini jicho la muntu linaona. Na sisi tulikuwa na macho. Picha za majani zinatoka katika milima yote, ni nyingi sana, mutaalamu anachoka. Lakini watu kumi wakiangalia jani moja, na wanane wakasema ni mugonjwa, basi tunaweza kuwaamini. Na mashine inajifunza kutoka kwao. Mwisho wake watajua ugonjwa unapita wapi, na muhogo gani unaukataa.

"Munacheza," akasema, "lakini munafanya kazi ya sayansi."

Mimi nina diplome. Section biochimie. Nilichora jani likiwa limekatwa katikati, na vyumba vyake vyote, mara nyingi sana, hata leo ningelichora macho yakiwa yamefungwa. Tangu siku niliyopokea ile karatasi, hakuna muntu aliyeniuliza kitu chochote cha maana. Wananiuliza bwana yako iko wapi, na mutoto wa pili anakuja lini. Sasa muntu anasimama mbele ya kanisa anasema macho yangu yanahitajiwa. Nilijisikia vizuri. Naandika hilo kwa hasira, maana njo hapo waliponikamata.

Rezo kwetu ilipatikana sehemu moja tu, kwenye jiwe la juu ya kanisa. Asubuhi unapanda, telefone inashusha picha mia, unarudi nazo nyumbani, unacheza bila rezo, kesho unapanda kurudisha majibu. Wenye telefone ya kioo tulikuwa wachache, kwa hiyo ba mama wa jirani wakawa wanakuja kwangu. Tulikuwa tunakaa uwanjani na nyungo za maharagi, tunachambua huku tunapigia majani kelele kama watu wanaoangalia mupira.

Siku moja likatokea jani lenye mabaka ya manjano, limejikunja kidogo pembeni.

"Nzuri!" wakasema wote pamoja.

"Nzuri sana hiyo," mumoja akaongeza. "Hiyo ukiiponda na mawese na kitunguu, bwana ya huyu anatoka Walikale kwa miguu bila kuitwa."

"Atakuja na kile kinyota chake cha usiku," mwingine akasema, na wakanichekea mimi.

Mama yangu akanyoosha shingo kuona. Yeye haoni karibu vizuri, alishika telefone mbali kama Biblia. "Hiyo ni kama Mabaka, muhogo wangu wa nyuma ya nyumba," akasema. "Finya nzuri."

Nikafinya nzuri.

Muntu asiyekula sombe lazima nimueleze. Sombe ni majani ya muhogo, unayaponda katika kinu na kuyapika. Jani safi, lile la kijani lenye kung'aa, kwetu ni chungu na ni gumu, linamaliza kuni. Jani lenye mabaka ni laini, halina uchungu, linaiva upesi. Hakuna mwanamuke wa Kalembe asiyejua. Kwa hiyo ukimuonyesha jani la mabaka na kumuuliza kama ni nzuri, atakujibu ukweli mutupu: ni nzuri. Yeye anafikiri kinu na sufuria. Hakuna aliyetuuliza nzuri ya nini.

Tulifinya hivyo kwa majuma mawili. Nyota zilipanda kidogo, kisha zikaanza kushuka, mupaka siku moja juu ya jiwe telefone ikaniandikia: Majibu yako yanatofautiana na ya wachezaji wengine. Tafadhali soma maelezo tena. Na ikaturudisha katika muchezo wa watoto, ule wenye panya aliyevaa miwani anakuonyesha jani ni nini.

Agronome alirudi kabla juma halijaisha. Hakuvua hata kofia ya pikipiki.

"Nani alikuwa anafinya?"

"Sisi wote," nikasema.

"Munafinya nzuri kwa jani ya mugonjwa! Kila jani yenye mabaka, Kalembe inasema nzuri. Wale watu wananiuliza kama hapa munacheza na macho ao na magoti."

Mama yangu alikuwa anaponda. Hakuacha kuponda. "Papa agronome," akasema, "ile mara ulikula sombe ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Ilikuwa namna gani?"

"Nzuri sana."

"Basi."

Agronome akavua kofia. Alitazama ndani ya kinu, akatazama telefone, na nikaona amefahamu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Aa, mama! Ile ni nzuri ya sufuria. Mimi nilikuwa nauliza nzuri ya shamba."

Hapo njo tulipaswa kusimama, sote. Kama neno moja lina nzuri mbili, pengine lina nzuri ya tatu ambayo bado hatujaitaja. Muntu mwenye akili angeuliza. Mimi sikuuliza, maana nilikuwa ninaona haya. Niliona haya juu ya mama yangu na kinu chake mbele ya muntu wa telefone, mimi mwenye diplome. Kuanzia siku ile nikawakataza ba mama kufinya. Nikawaambia kwa sauti ya mwalimu kwamba neno nzuri limekwisha, sasa kuna sain, njo muzima, na malade, njo mugonjwa, na asiyejua Kifaransa abaki na maharagi yake. Walisimama mumoja mumoja. Yule aliyeuliza nyota inapikwa na nini aliniambia mulangoni, "Sawa, docteur. Utatuita kukiwa na sindano."

Nilikuwa mukali na nilikuwa mzuri katika ule muchezo. Jani likitokea, kabla hujapumua nimefinya. Nyota zilirudi zote. Kisha muchezo ukanifungulia mulango mwingine: sasa niliruhusiwa kutuma picha zangu mwenyewe, za mashamba ya kwetu, ili wachezaji wa dunia nzima waziangalie. Nilianza na shamba la mama.

Ule muhogo aliouita Mabaka ulikuwa kwenye ukanda mumoja tu, nyuma ya nyumba, kwenye muteremuko wa kwenda mutoni. Miti yake alipewa na mukwe wake siku alipoingia nyumbani kama bibi arusi: kifungu cha miti ya muhogo na jembe jipya. Yeye hajawahi kuuacha. Mihogo mingine ilikuja na kwenda, Mabaka ilibaki pale na majani yake ya mabaka, inaonekana kama kitu cha kusikitisha. Lakini miezi ile ambayo maharagi yamekwisha na mengine hayajakomaa, ni pale mama alikuwa anakwenda na jembe.

Upepo ulikuwa unatikisa majani, picha inatoka mbaya. Mama akaja kunisaidia, akashika tawi. Muguu wake ukaingia katika picha, na wa pili ukachungulia nyuma yake. Alikuwa amevaa kandambili mbili zisizo ndugu, moja ya bluu, moja nyekundu, maana za bluu ilikatika ya kulia na za nyekundu ikakatika ya kushoto.

"Mama, ondoa muguu."

"Nikiondoa muguu nitaanguka mutoni. Piga."

Nikapiga. Nikatuma hivyo hivyo, na muguu.

Jibu lilikuja kisha siku chache. Karibu wote walisema mugonjwa. Chini yake muchezo ukaandika ushauri: ng'oa mimea yote yenye dalili, ichome, panda miti safi. Na agronome akaleta miti safi kweli, gunia zima, ya bure, akasema nyumba yetu ndiyo ya kwanza kwa sababu ya nyota zangu.

Nilimuonyesha mama kioo.

"Hao wote waliofinya," akauliza, "wamekwisha kuchimba huu muhogo?"

"Mama, ni watu wengi."

"Wengi wanaweza kupotea pamoja. Barabara ya Sake watu wengi wanapita, matope iko pale pale."

"Wewe hujui. Ni virusi. Kuna kadudu keupe kanabeba kutoka jani mupaka jani. Hii Mabaka yako itaua shamba ya kila muntu."

"Imekuwa hapa mbele ya kuzaliwa kwako. Imeua nani?"

Hapo nikasema kitu kibaya. Nilisema, "Njo maana hatuendelei." Mama akanitazama, akarudi kwa kinu chake.

Baada ya hapo alikwenda matanga, ndugu yake alikuwa amefiwa kijiji cha mbele, siku mbili. Siku ya kwanza nikashika jembe.

Nataka kuandika nilichokiona, maana nilikiona na macho haya ambayo sayansi iliyahitaji. Mizizi ilikuwa minene. Nilivunja mumoja ukalia tak. Ndani ulikuwa mweupe, wote mweupe, hakuna doa. Wa pili mweupe. Wa tatu mweupe. Nilijaza gunia, beseni na kitenge, nikagawia jirani, nikapika, mutoto akala akashiba akalala na kipande mukononi. Na bado kichwani mwangu nilikuwa nasema: mugonjwa, mugonjwa. Kisha nikarundika miti na kuichoma. Muti mubichi wa muhogo hauwaki vizuri, unatoa moshi tu. Ulitoa moshi siku nzima, watu wa ng'ambo ya mutoni wakauliza tumeshambuliwa ao nini.

Mama aliporudi aliuona ukanda wazi kutoka mbali. Alitua muzigo.

"Yote?"

"Yote."

Akakaa, akanawa miguu polepole, muguu wa bluu, muguu mwekundu. Kisha akasema, "Basi. Utatupikia nyota."

Muhogo mupya ulikuwa muzuri kuuangalia. Kijani, umenyooka, jani pana kama mukono wa askofu. Agronome alikuja akapiga picha, wachezaji wote wakafinya sain, na telefone ikanipa medali yenye kuzunguka. Nilimuonyesha mama. Alisema, "Ni ya rangi gani?" Nikasema ya zahabu. Akasema aksanti. Sombe ya yale majani haikulika, ilikuwa chungu kama kinini, lakini nilijiambia tunangoja muzizi.

Mwaka ukafika, tukachimba. Nje ulikuwa muzima, ganda zuri. Nikavunja. Ndani ulikuwa kahawia, mukavu, mugumu kama kizibo cha chupa ya divai ya kanisa. Nikavunja mwingine. Kahawia. Nikaenda mwisho wa mustari nikachimba kule, nikarudi katikati, nikachimba kama mubwa. Mama alisimama juu yangu na beseni tupu.

Mutoto wangu alikuwa ametoka tu kuacha ziwa. Tulikula maharagi, kisha tukala maharagi ya mbegu, na muntu wa kwetu anajua maana ya kula mbegu. Nywele za mutoto zikaanza kuwa nyekundu na nyembamba, miguu ikavimba, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo. Ile rangi ya nywele haihitaji kuangaliwa na wachezaji kumi. Mama yoyote anaijua.

Agronome alikuja, akachuchumaa, akakata muzizi kwa kisu chake, akakata mwingine.

"Hii ni ugonjwa ingine," akasema. "Hii jani haionyeshi sana. Inakulia chini."

"Mabaka ilikuwa myeupe ndani, yote. Kwa hiyo muchezo hauoni chini."

"Muchezo unaona jani, dada."

"Na watu wale wote? Wanane kwa kumi?"

"Wanaona picha. Picha ni ya jani."

Nilikuwa na muzizi mukononi. Nilimutupia. Ulimupiga kwenye buti ya mpira. Hakukasirika, na hilo liliniongezea hasira.

Kisha vita vikatukuta. Sitaeleza nani alipigana na nani, wamebadilishana Kalembe mara nyingi kama watu wanaobadilishana kofia. Tulitoka asubuhi moja na godoro, sufuria na mutoto, tukatembea siku nyingi mupaka Sake, na kutoka Sake mupaka Mubambiro, tukapewa bâche, njo turubai, tukaisimamisha juu ya mawe ya volkano karibu na kambi ya askari. Pale hakuna udongo. Ukitaka kupigilia kijiti cha bâche unatafuta mwanya kati ya jiwe na jiwe. Mama yangu alizunguka siku ya kwanza akitafuta mahali pa kupanda hata boga. Alirudi akakaa. Tangu siku ile amekuwa muntu wa kukaa.

Rezo, lakini, ni tele. Imejaa. Njo maana agronome alinipata kwa telefone.

"Dada, uko muzima? Na mama? Na mutoto?"

"Sema unachotaka."

Akasema. Wale watu wa sayansi walikuwa wamerudi kuangalia majibu ambayo muchezo uliyatupa, majibu ya makosa. Kwa kawaida makosa yanatawanyika, huyu anakosea hapa, yule pale. Ya Kalembe hayakutawanyika. Yale majuma mawili ya kwanza, Kalembe ilikuwa inakosea jani la namna ile ile, kila mara, kama watu wenye sababu. Wakamuuliza sababu. Akawaambia habari ya sombe. Na mumoja wao akakumbuka kwamba kuna mihogo inayoishi na mabaka miaka mingi bila kufa, na pengine mumoja wao unakataa pia ule ugonjwa wa chini. Wakamuuliza kama kuna nyumba iliyochunga muhogo wa namna hiyo kwa muda mrefu, na mizizi yake ilikuwaje.

"Nikawaambia nyumba ya mama yako," akasema. "Nilikumbuka ulisema ilikuwa myeupe ndani. Dada, wanataka miti ya Mabaka. Hata muti mumoja. Wataizalisha, watairudisha milimani kote. Unaona? Makosa yenu ilikuwa na maana."

"Haikuwa makosa."

"Njo ninavyosema..."

"Hapana, hausemi hivyo. Unasema makosa yenye maana. Mimi nasema haikuwa makosa. Mulituuliza kama ni nzuri, tukajibu nzuri. Kisha ukaniambia nichome."

"Si mimi, dada, ni muchezo..."

"Muchezo hauna mudomo. Wewe njo ulikuwa na mudomo. Na mimi njo nilikuwa na jembe."

Nilisikia pikipiki zikipita upande wake, ng'o ng'o ng'o, huko aliko kuna barabara nzuri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama hakuna hata muti mumoja. Nikamukatia telefone.

Mama alikuwa amekaa mulangoni pa bâche, ameshika mutoto, amesikia yote. Akasema bila kugeuka, "Nilibakisha mitatu."

"Mitatu nini?"

"Ya Mabaka. Miti mitatu. Kabla ya matanga nilikata, nikapanda nyuma ya jikoni, katikati ya migomba."

Nilisimama pale. "Mama, mwaka muzima! Mbona hukuniambia?"

Sasa aligeuka. "Ningekuambia wewe?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, kama muntu anayeuliza njia. Mimi nimepigiwa kelele na askari kwenye vizuizi vya barabara, nimetukanwa katika mustari wa maji. Hakuna neno lililonikata kama lile.

Kulikuwa na mama mumoja wa Kalembe katika bâche ya tatu kutoka kwetu, yule yule wa "nyota inapikwa na nini". Yeye alikuwa ameamua kurudi kutazama kama maharagi yake yaliyozikwa bado yapo. Hasira zetu za zamani nilizimeza, nikamuendea. Nikamwambia nyuma ya jikoni, katikati ya migomba, miti mitatu, majani ya mabaka, kata hata kipande cha urefu wa kiganja.

"Leo unaniruhusu kuangalia jani?" akasema.

"Dada, nakuomba."

"Nitaangalia. Macho yangu hayana diplome, lakini nitaangalia."

Wakati alipokuwa safarini nilikuwa muntu mwingine. Nilipiga simu kwa agronome, nikamuambia angoje. Niliokota udongo kidogo kidogo kando ya barabara ya Sake, katika kopo, nikajaza mufuko wa unga, nikauweka kivulini na kuumwagilia maji tuliyopangia mustari. Mama aliuona, na asubuhi moja nilimukuta anauondolea vijiwe.

Yule mama alirudi kisha majuma matatu. Maharagi hakuyapata. Jikoni yetu, akasema, imesimama, lakini migomba imekatwa yote na askari ili waone barabara, na nyuma ya jikoni kumechimbwa handaki. Alisubiri wale askari waende kuoga, akaingia ndani ya handaki, akatafuta katika udongo uliorundikwa. Alipata kipande kimoja. Alikuwa amekifunga katika kitambaa chake cha kichwa, ametembea nacho njia yote kichwa wazi.

Mama alikipokea. Alikwaruza ganda kwa ukucha akitafuta kijani chini yake. Kahawia. Akakwaruza juu zaidi, kisha upande wa pili, kisha kwenye kila jicho ambapo chipukizi hutokea. Kahawia mupaka ndani.

"Kimekauka," akasema. "Aksanti, mama. Umetembea."

Tulikipanda hata hivyo. Hakikuota. Bâche ilipolegea tulikichukua kikawa kijiti cha kamba, na kiko pale.

Muchezo bado ninacheza. Watu wananiuliza kwa nini. Kwa sababu mustari wa maji ni murefu. Kwa sababu mutoto, ambaye nywele zake bado si nyeusi, anapenda rangi. Picha zinazotoka sasa ni za nchi nyingine, udongo mwekundu, udongo wa muchanga, na mimi nafinya: mugonjwa, sain, mugonjwa. Nyota ninazo nyingi, na hakuna anayenipita katika mukoa huu, maana wengine wameuza telefone.

Juma lililopita, katika mustari, likatokea jani la mabaka, limejikunja pembeni. Kidole kilikuwa kimekwisha kwenda kwenye mugonjwa. Kisha nikaona chini, pembeni ya picha, ncha ya kandambili ya bluu, na nyuma yake nyekundu.

Muchezo unarudisha picha za zamani, njo namna unavyowapima wachezaji. Jibu lake wanalo tayari. Walikuwa wananipima mimi na shamba la mama yangu.

Nilimupelekea mama telefone. Aliishika mbali, akatazama muda murefu.

"Ni muguu wangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wanauliza nini tena?"

"Wanauliza kama ni nzuri."

Mama akarudisha telefone. "Si unajua sasa."

Nikafinya nzuri. Nyota moja ikazimika, na kioo kikaandika: Jibu lako linatofautiana na la wachezaji wengine. Nikarudi kwenye mustari, lakini mahali pangu palikuwa pamekwisha kuchukuliwa, na bidoni langu la maji limesukumwa mupaka mwisho.